Wanawake walowezi wa Kifaransa nchini Algeria: bibi, binti na mjukuu

Swali (Jinja):
Ndugu zangu, ninafundisha historia sekondari, na kila ninapofika kwa walowezi wa Algeria namkuta mwanamume na bunduki yake tu. Je, wanawake wao walifanya nini, na maisha ya mjukuu yalifanana na ya bibi?

Jibu (Arua):
Hayakufanana hata kidogo, mwalimu. Bibi aliyefika mwaka 1848, pamoja na maelfu ya watu wa Paris waliopelekwa kulima ilhali wengi walikuwa mafundi wa mjini, aliishi katika kibanda cha mbao, akauguza malaria, na mwaka uliofuata akakutana na kipindupindu. Binti yake alikuta mizabibu, kwa sababu wadudu walioharibu mashamba ya Ufaransa waliifanya divai ya Algeria itafutwe sana. Mjukuu alisoma mjini, akapata haki ya kupiga kura mwaka 1944, na mwaka 1962, Algeria ilipopata uhuru, akapanda meli kwenda Ufaransa akiwa na masanduku mawili.

Jibu (Kampala):
Umeeleza vizuri, dada, ila neno "waanzilishi" wanaloitwa linanikera, maana ardhi ile ilikuwa na wenyewe. Baada ya uasi wa Waalgeria dhidi ya Wafaransa mwaka 1871, wenyewe hao walinyang'anywa zaidi ya hekta 400,000. Mwanamke Mwislamu wa Algeria, aliyefua shuka za mjukuu huyo, alipiga kura mwaka 1958.

Mwuliza swali:
Nashukuru sana. Miaka hiyo miwili, 1944 na 1958, nitaiandika ubaoni Jumatatu kabla ya kusema neno lolote.