Mjane wa miaka sitini akitaka kuolewa, watoto wana kauli?

Binti Majengo: Jirani yetu ni mjane, kashapita sitini. Ameletewa posa na mzee wa rika lake, naye ameridhia. Wanawe wamegoma: ati atawaaibisha, ana wajukuu. Kakake, tena mkubwa kwake, alifiwa na mke, na arubaini haijafika watu washaanza kumtafutia mchumba. Siku ya nikahi pilau ililiwa hadi barabarani.

Mimi hiyo aibu naiona kisingizio. Sheria ya Ndoa ya Kenya ya 2014 imetaja umri wa chini, miaka 18. Wa juu haukutajwa. Na Bi Khadija alipoolewa na Mtume alikuwa mjane. Mapokezi mashuhuri yanasema ana miaka 40, Mtume 25. Lakini hapa kwetu mwanamke akishapiga sitini tunamwachia kulea wajukuu na kupika hitimani. Akipaka piko kuficha mvi, "bado anataka nini?" Mwanamume akipaka, mtanashati.

Kijana wa Kisauni: Dada, shida si mvi, ni nyumba. Kwa mirathi ya Kiislamu, mwanamume mwenye watoto akifa, mkewe hupata thumni, yaani moja ya nane. Mwanamke mwenye watoto akifa, mumewe hupata robo. Mama kajenga vyumba sita kwa kuuza mahamri na viazi karai, kisha robo iende kwa mtu aliyeingia jana? Kadhi hatauliza walikaa pamoja muda gani. Wanawe kuogopa hapo si roho mbaya.

Binti Majengo: Afadhali wewe umesema mali. Lakini huyo mjomba wao, kakake mama, ameoa binti wa thelathini. Akizaa naye watoto watatu, nao ni warithi sawa na wale wa kwanza, hao wa kwanza watabakiwa na nini? Mbona hakuna aliyegoma? Mama wa sitini angalau hazai tena.

Mama Mikindani: Nasi tusio Waislamu tusijione tumepona. Sheria ya Urithi ya 1972 ilivyoandikwa awali, mjane akiolewa tena, haki yake ya kutumia mali ya marehemu ilikuwa inakoma. Mwanamume aliyefiwa hakuwekewa sharti hilo. Na mwaka 2003 Wambui Otieno, mjane na mwanasiasa mashuhuri, alipoolewa na miaka yake 67, bwana harusi kijana wa ishirini na kitu, Kenya nzima iligeuka mahakama. Hadi wahubiri.

Kijana wa Kisauni: Basi mama awape wanawe nyumba hiba akiwa hai, kisha aolewe kwa amani. Kila mtu ataridhika.

Bibi wa Kibokoni: Kila mtu nani, mwanangu? Nami ni mjane, nyumba ninayo. Hiba wakishaipokea si yangu tena. Kesho mkaza mwanangu akinifungia mlango nitamwambia nini? Huyo kaka mtu alipooa, nani alimtaka agawe kwanza?