ORS "haifungi" tumbo: mnawaelezaje kina mama, na mnapimaje maji pasipo chombo cha lita moja?

Mhudumu_wa_Kata

Wakuu, habari za kazi. Nina maswali matatu ya ORS, ule unga wa chumvi na sukari unaochanganywa na maji kumnywesha anayeharisha, yote yanatoka majumbani.

La kwanza: mama anampa mtoto ORS tangu asubuhi, jioni choo bado ni maji matupu, basi anaona dawa haifanyi kazi na kukimbilia duka la dawa kutafuta kitu cha kufunga tumbo. Nataka maelezo mafupi ya kumpa yeye, na marefu ya kunitosha mimi. La pili: pakiti imeandikwa lita moja, nyumbani kuna chupa ya lita moja na nusu, jagi lisilo na alama na vikombe vya kila aina. La tatu: wengi wanatumia soda iliyotolewa gesi, wengine dafu. Kuna ubaya gani?

Nesi_wa_Zamu

Mkuu, kosa linaanza pale tunapoiita dawa ya kuharisha. Mwambie mama tangu pakiti ya kwanza kwamba ORS haifungi tumbo. Kazi yake ni kurudisha maji na chumvi vilivyotoka. Kuharisha kwa kawaida kunaisha kwenyewe ndani ya siku chache hadi wiki, na mtoto anaweza kuharisha siku zote hizo akabaki salama kama kinachoingia kinalingana na kinachotoka. Asipoambiwa hivyo mapema, atahesabu choo badala ya kuangalia mkojo na macho ya mtoto.

Sasa yale marefu. Utumbo wa mtu mzima hupokea kama lita 8 hadi 9 za majimaji kwa siku. Anachokunywa na kula ni kama lita 2 tu. Zilizobaki ni mate, majimaji ya tumbo, nyongo, ya kongosho na ya utumbo wenyewe. Karibu yote hunyonywa tena, na yanayotoka na choo ni kama mililita 100 hadi 200. Ukiangalia hesabu hiyo utaelewa kwa nini mtu wa kipindupindu hukauka ndani ya saa chache: utumbo haujaharibika sana kwa macho, ila mizani ya kumwaga na kunyonya imepinduka. Sumu ya kipindupindu huzifanya seli za ukuta wa utumbo zimwage kloridi mfululizo, sodiamu inaifuata (viwili hivyo ndivyo vinavyounda chumvi), na maji yanafuata chumvi.

Hapo ndipo penyewe: mwili hauna pampu ya maji. Maji hufuata chumvi popote iendapo. Ukitaka maji yarudi kwenye damu, rudisha sodiamu kwanza. Ukuta wa utumbo mwembamba una milango kadhaa ya kupitishia sodiamu, na sumu ile huziba baadhi. Lakini upo mmoja ambao hauguswi na sumu hiyo, nao hupitisha sodiamu ikiwa tu imefuatana na glukosi, aina ya sukari, sodiamu mbili kwa glukosi moja. Mwanasayansi Robert Crane aliueleza mlango huu mwaka 1960 huko Prague. Mwaka 1971, kwenye kambi ya wakimbizi ya Bangaon nchini India, dripu zilipoisha katikati ya mlipuko wa kipindupindu, Dkt. Dilip Mahalanabis alichanganya chumvi na glukosi kwenye mapipa na ndugu wa wagonjwa wakanywesha wenyewe. Vifo vilishuka kutoka kama asilimia 30 hadi chini ya 4.

Kwa mama fupisha hivi: "Chumvi ndiyo inayobeba maji, sukari ndiyo inayoifungulia mlango." Wengi hapo hapo wanauliza, "Kwa hiyo nikizidisha sukari itaenda haraka?" Hapana, na hilo namwachia mfamasia.

Mfamasia_Kona

Nadakia hapo hapo. Pakiti ya lita moja ina gramu 20.5: glukosi 13.5, chumvi ya kawaida 2.6, sitreti ya sodiamu 2.9 na kloridi ya potasiamu 1.5. Ukiichanganya sawasawa, sodiamu na glukosi zinakuwa sawa kwa sawa, milimoli 75 kila moja kwa lita. Mchanganyiko wa zamani ulikuwa mzito zaidi, ukapunguzwa mwaka 2002 kwa sababu ule mwepesi unapunguza wingi wa choo na kutapika.

Sukari ikizidi, ile isiyopata nafasi ya kunyonywa inabaki ndani ya utumbo na kuvuta maji kutoka mwilini kuja kwenye choo. Soda ndivyo inavyofanya. Soda nyingi zina kama gramu 10 au 11 za sukari kwa kila mililita 100, wakati ORS ina gramu 1.35. Ni karibu mara nane, na sodiamu yake ni kidogo mno. Kuitoa gesi hakubadilishi chochote, gesi haikuwa tatizo.

Dafu ni habari nyingine. Lina potasiamu nyingi, sodiamu chache. Mtoto ambaye hajakauka anaweza kulinywa pamoja na uji na maziwa ya mama, lakini lisichukue nafasi ya ORS.

Kuhusu kipimo. Kwanza soma pakiti yenyewe, maana zipo za lita moja, za nusu lita na za mililita 200, na rangi zinafanana. Ikiwa ni ya lita moja, chombo kilicho rahisi kupatikana ni chupa tupu ya maji ya kunywa ya nusu lita: osha, jaza mara mbili, mimina kwenye jagi, halafu chora mstari nje ya jagi pale maji yalipofika. Mstari huo utatumika siku zote. Chupa ya lita moja na nusu ikijazwa yote kwa pakiti moja, sodiamu inashuka hadi 50 badala ya 75. Chombo kikiwa kidogo ndiyo hatari zaidi. Pakiti nzima kwenye nusu lita ina chumvi maradufu, mtoto anapata kiu kali, anakuwa mkorofi na anaweza kufikia degedege.

Na tafadhali, wasigawe unga. Nimesikia ushauri wa "robo pakiti kwa glasi moja" mpaka kwa watu wa dawa. Unga ule hautulii sawa ndani ya pakiti, robo ya juu na robo ya chini hazina chumvi ileile. Changanya yote, mimina kidogo kidogo, kilichobaki funika.

Maji yawe yamechemshwa na kupoa, au yametiwa dawa ya klorini. Usichemshe tena baada ya kuchanganya. Yakipita saa 24, mwaga.

Mhudumu_wa_Kata

Ahsanteni sana. Pakiti zikiisha kabisa na zahanati iko mbali? Na mtoto anayetapika kila akinyweshwa?

Mfamasia_Kona

Pakiti zikiisha: lita moja ya maji safi, vijiko 6 vya chai vya sukari na NUSU kijiko cha chai cha chumvi. Vijiko visawazishwe kwa kupitisha mgongo wa kisu juu yake, maana kijiko cha mlima kinaweza kubeba karibu maradufu. Sukari ya mezani huvunjwa na utumbo ikawa nusu glukosi na nusu fruktosi, ndiyo maana gramu zake ni nyingi kuliko zile za pakiti. Mama aonje kabla ya kumpa mtoto: isizidi chumvi ya machozi. Ikizidi, mwaga uanze upya, usijaribu kurekebisha kwa kuongeza sukari. Mchanganyiko huu hauna potasiamu, basi ndizi mbivu iliyopondwa isaidie. Kosa ambalo hukutana nalo ni kubadilisha vijiko, sita vya chumvi na nusu cha sukari. Mwambie mama akuonyeshe kwa vitendo, asikuelezee tu.

Tabibu_Msaidizi

La kutapika nalijibu mimi. Mara nyingi anatapika kwa sababu amepewa kikombe kizima akiwa na kiu, akakigugumia. Akitapika, subiri dakika 10, kisha anza kwa kijiko cha chai kimoja kila dakika moja au mbili. Inaonekana kama mzaha, lakini kijiko ni mililita 5, na kwa mwendo huo unafikisha mililita 150 hadi 300 kwa saa. Chupa ya kunyonyea iache, tumia kikombe na kijiko.

Kiasi kwa mtoto ambaye bado hajakauka: chini ya miaka 2, mililita 50 hadi 100 baada ya kila choo cha maji, miaka 2 na kuendelea, 100 hadi 200. Akiwa ameanza kukauka, hesabu ni mililita 75 kwa kila kilo ya uzito ndani ya saa 4, tena chini ya uangalizi wa kituo. Mtoto wa kilo 9 ni kama mililita 675. Baada ya saa hizo unampima upya.

Kupima ukavu: finya ngozi ya tumbo, katikati ya kitovu na ubavu, kwa vidole viwili, ukiinua ngozi na nyama iliyo chini yake, halafu achia. Isirudi mara moja, ameanza kukauka. Ikichukua zaidi ya sekunde 2, hali ni mbaya. Angalia na macho yaliyoingia ndani, anavyokimbilia maji, na kama ni mkorofi. Mtoto mlegevu, asiyeamka vizuri au asiyeweza kunywa, usikae naye nyumbani ukihesabu vijiko. Anahitaji dripu, na njiani aendelee kupewa kidogo kidogo kama anaweza kumeza. Damu kwenye choo, au kuharisha kulikofika siku 14, ni rufaa pia.

Tahadhari moja ambayo watu wengi wanairuka: mtoto mwenye utapiamlo mkali, aliyekonda mifupa ikaonekana au aliyevimba miguu yote miwili. ORS ya kawaida ina sodiamu nyingi mno kwake na inaweza kuulemea moyo. Huyo apelekwe kituoni, kuna mchanganyiko wake maalumu.

Zinki isisahaulike: miligramu 20 kila siku kwa siku 10 hadi 14, kidonge kimoja kilichoyeyushwa kwenye kijiko cha maji safi au maziwa ya mama. Aliye chini ya miezi 6 ni nusu kidonge. Aendelee hata choo kikishakuwa kizuri, kwa sababu zinki inasaidia ukuta wa utumbo kujijenga na kupunguza kuharisha tena miezi inayofuata. Hapa ndipo kina mama wanaponiudhi kidogo, nawaelewa lakini: siku ya tatu choo kimeganda, vidonge vinarudi kabatini.

Dawa za kufunga tumbo, loperamide na ndugu zake, hazimfai mtoto. Zinasimamisha mwendo wa utumbo, choo kinaonekana kimekoma huku maji yamejaa ndani ya tumbo na mtoto anakauka vilevile. Metronidazole nayo, ambayo ni antibayotiki, imekuwa kama pipi. Kuharisha kwingi kwa watoto wadogo kunatokana na virusi, na dawa hiyo haivigusi. Antibayotiki zina nafasi yake kwenye kuhara damu na kipindupindu, kwa maelekezo ya kituo.

Mhudumu_wa_Kata

Nimeelewa, mkuu. La mwisho: anayenyonya tu, hajafika miezi 6, apewe ORS kweli? Mama atasema tumemwambia asimpe maji.

Nesi_wa_Zamu

Anyonye mara nyingi zaidi na kwa muda mrefu kila mara, usiku pia. ORS anapewa juu ya hapo, kwa kijiko, baada ya kila choo cha maji. Mwambie mama hili ni la siku za kuharisha tu, likikoma anarudi kwenye maziwa yake peke yake. Na mtoto wa umri huo akikataa ziwa, usisubiri ngozi wala macho, mpeleke.