Tokeni ya "TO HANOVER" ya 1837: nisafishe au niache?

Kisanduku: Wakuu, nina tokeni (kipande kama sarafu, ila si pesa) ya shaba njano. Mbele kuna kichwa cha Malkia Victoria, nyuma mpanda farasi juu ya joka, TO HANOVER na 1837. Kipenyo milimita 22, uzito gramu 3.1, imetobolewa juu ya kichwa na ina madoa ya kijani. Kweli iligongwa mwaka huo? Madoa yanatokaje?

Mizani10: Mwaka usikuhadae mkuu, huo ni wa tukio. Mfalme William IV, aliyetawala Uingereza na pia Hanover huko Ujerumani, alipofariki, Victoria alirithi Uingereza, lakini Hanover haikukubali mwanamke maadamu ukoo una mwanamume. Kiti kikaenda kwa baba yake mdogo, Ernest Augustus, na Waingereza wengi walifurahi kumwona akiondoka. Hiyo tokeni ni kijembe kwake. Iliendelea kugongwa kwa miongo kadhaa, 1837 ikiwa palepale, na watu wakahesabia pointi za karata. Matapeli nao waliipitisha kama pauni ya dhahabu, maana mpanda farasi anamwiga Mtakatifu George wa kwenye pauni. Pauni halisi ni gramu 7.98, yako haifiki nusu, kwa hiyo aliyeibiwa ni yule asiyepima. Mwaka 1883 Uingereza ilitunga sheria ya kuzuia medali zinazofanana na sarafu.

Raha ya kukusanya hizi iko kwenye mihuri tofauti iliyotumika kuzigonga. Chukua lenzi ya mara 10: maandishi ni VICTORIA REGINA au H.M.G.M. QUEEN VICTORIA? Linganisha pia mkia wa farasi na nafasi kati ya herufi. Tundu linashusha bei. Usilizibe, utaishusha zaidi.

PwaniShaba: Ndimu, siki na dawa ya kung'arishia viweke mbali kabisa! Asidi hula zinki kwanza, juu inabaki shaba nyekundu, tokeni inageuka ya waridi na hairudi tena.

Iloweke kwenye asetoni safi dakika 10, dirisha wazi, moto mbali. Ile ya kutolea rangi ya kucha mara nyingi ina mafuta, haifai. Doa likigoma, lowesha kwa mafuta ya cherehani siku mbili tatu, ulikwangue taratibu kwa kijiti cha meno, kisha asetoni tena. Usiguse kwa sindano.

Kisanduku: Kijani kikirudi?

PwaniShaba: Kikirudi kama unga, ni chumvi imeingia ndani. Loweka kwenye maji ya betri yasiyo na asidi, ubadilishe kila siku kwa wiki nzima, ukaushe vizuri na uitenge na nyingine. Chunguza pia kifuko: plastiki laini ya PVC yenyewe huzaa kijani. Tumia ya poliesta, na vipakiti vya silika vya kunyonya unyevu sandukuni, hasa huku pwani.