Huyu jamaa wa "Valparaíso ni tambarare" ana roho ya kutu

Wakuu, naandika miguu ikiwa ndani ya ndoo ya maji ya moto, nikikosea herufi mnivumilie.

Mnamjua, sina haja ya kumtaja. Yule anayejibu kila uzi wa mabaharia kwa "mimi hapo nimefika mara saba". Tupo meli moja ya watalii, yeye jikoni, mimi dobi. Leo tumefunga gati Valparaíso, Chile, nimepewa saa nne za kushuka. Nikamuuliza kistaarabu kabisa: kaka, huu mji unatembeleka kwa miguu? Akajibu huku anamenya karoti: "Tambarare hiyo, kama Kariakoo. Hata bibi yako anatembea."

Tambarare! Mji una vilima zaidi ya arobaini! Plaza Sotomayor nilivuka vizuri, nikalipita lile jengo la bluu la wanamaji, najiona mtalii. Kisha ngazi zikaanza. Ngazi, uchochoro, ngazi, mbwa kalala katikati ya ngazi, ukuta wa michoro, ngazi. Nimepanda mpaka nikaanza kukumbuka watu wanaonidai tangu 2011. Yule mbwa akaamka akanisindikiza. Nadhani alitaka awepo shahidi.

Nikafika juu, Paseo Yugoslavo, shati limeganda mgongoni, nimeinama nimeshika magoti. Pembeni mlango ukafunguka. Kumbe kuna kibanda kinachopanda mlima juu ya reli, kinavutwa na waya, wenyeji wanakiita ascensor. Na nani anashuka? YEYE. Mkavu. Ana aiskrimu.

Aiskrimu, wakuu.

Akaniangalia, akalamba, akasema: "Kumbe ulipita kwa miguu?"

Nauli yenyewe vijisenti tu. Mlango wa chini upo ubavuni mwa mahakama, palepale Sotomayor, nimeupita nikidhani choo cha kulipia. Lakini hayo nasamehe. Sisamehi KULAMBA. Alilamba kabla ya kuongea! Yupo humu anasoma, na akijibu uzi huu namwaga mchele wote.

Kibarua_wa_Gati: Hakuna uzi bila picha. Picha ya aiskrimu.

MamaNtilie2: Ladha gani?

Dobi (mwanzisha uzi): Ladha inahusiana nini? Ya pinki.

Mzee wa Usukani: Kijana, hakukudanganya. Kule chini wanapaita El Plan, tambarare tupu, basi za umeme zinapita. Nani alikutuma mlimani? Na hiyo ascensor yako, El Peral, ipo tangu 1902, wewe umeshindwaje kuiona?

Dobi: Mzee naomba usinitibue.

Bahari_Chafu: Afadhali wewe umepanda. Mimi nilishuka Callao, bandari ya Lima kule Peru, nikauliza Lima yenyewe ipo wapi; kumbe mbali, nikacheka peke yangu. Nauli ya teksi kwenda na kurudi ilimeza bahashishi ya wiki nzima.

Tulia_Tulia: Buenos Aires huruhusiwi hata kutembea ndani ya bandari, unapakiwa kwenye basi kama magunia kutoka ngazi ya meli mpaka getini. Na mie nilivaa raba mpya!

Kibarua_wa_Gati: Raba namba ngapi? Unauza?

Mla_Dona: Tuache utani, kuna jambo zito. Meli yetu hii na Dobi, tangu Rio ni maharage na wali, wali na maharage. Mbele tuna Montevideo, Uruguay. Unga wa ugali nitaupata wapi?

Mzee wa Usukani: Ingia duka lolote uliza polenta. Waitaliano waliipeleka. Inasongeka.

MamaNtilie2: Hiyo ni kama sembe, chenga zake kubwa kidogo. Usimwage yote kwa pamoja, itakufanyia mabuje.

Dobi: Wakuu, uzi ulihusu aiskrimu.

Mla_Dona: Ngoja kwanza. Mama, maji yachemke kabisa au vuguvugu?

MamaNtilie2: Yachemke. Koroga uji kwanza, ukishatokota ndipo usonge. Mwiko unao?

Mla_Dona: Sina. Yule wa jikoni anao, yule aliyefika mara saba.

Tulia_Tulia: Mwombe, ana roho nzuri sana yule.