Tupeane uzoefu: ulimweleza vipi mtu wako alipopotea?

Mtoto wa Seremala: Jana niliona tangazo limebandikwa kwenye nguzo ya kituo cha daladala: "Mwanamume, maji ya kunde, urefu wa wastani, amevaa shati jeupe." Niliwatazama abiria waliokuwa wakishuka, na nusu yao walifanana na maelezo hayo. Nikamkumbuka baba yangu, ambaye alikuwa ameanza kusahau, siku alipotoka nyumbani Ilala na asirudi. Kwa siku mbili tulitaja rangi na kimo bila mafanikio. Siku ya tatu dada yangu aliwaambia vijana wa bodaboda kwamba mzee wetu huinama kila anapoona msumari njiani, huuokota, huunyoosha kwa vidole na kuutia mfukoni. Jioni ile alipatikana Buguruni, mfuko wake ukiwa mzito.

Mama wa Watatu: Ni kweli kabisa. Mama yangu nilimtambua kwa kikohozi kabla sijauona uso wake.

Mkazi wa Temeke: Naomba nitofautiane nanyi kidogo. Msitangaze alama zote. Mdogo wangu alipopotea tulieleza hadi kovu la gotini, na mtu asiyemjua akapiga simu, akalitaja kovu hilo hilo, kisha akadai atumiwe nauli. Bakizeni alama moja ya kumpimia anayepiga simu.

Mama wa Watatu: Ukificha alama, atakayemwona atamjuaje? Pesa hutafutwa, ndugu yangu, lakini mtu akishazikwa na manispaa humpati tena.

Mkazi wa Temeke: Sikusema zifichwe zote, mama. Nimesema moja.

Mwana wa Kagera: Meli ya MV Bukoba ilipozama Ziwa Victoria tarehe 21 Mei 1996, kaka yangu alikuwa ndani yake akielekea Mwanza. Miili ilipoopolewa baada ya siku kadhaa majini, sura hazikusaidia tena. Mwenye daftari aliponiuliza alama za mtu wangu, nilijibu kwamba ni mrefu na mweusi, naye hakuinua hata kichwa, kwa maana jibu hilo alikuwa akilisikia tangu alfajiri. Ndipo mama akanisogeza kando, akamweleza kwamba upindo wa mguu wa kulia wa suruali ya mwanawe umeshonwa kwa uzi mwekundu, kwa sababu uzi mweusi ulikwisha usiku wa kuamkia safari, na kwamba mshono huo umeishia na mafundo mawili. Kwa uzi huo tulimpata, tukamrudisha nyumbani. Wengi ambao hawakutambuliwa walizikwa Igoma, kule Mwanza, na kila nikipita pale huwaza kwamba huenda baadhi yao walikuwa na uzi kama ule, ila aliyeufahamu hakuwahi kufika.

Mtoto wa Seremala: Pole sana, ndugu. Upindo huo aliushona mama?

Mwana wa Kagera: Aliushona kaka mwenyewe. Mama alimshikia kibatari.