Njia ya Inka siku ya mvua: poncho au koti?

TundaPori (Arusha)
Wakuu, habari za humu. Desemba naenda Peru, njia ya Inka ya siku 4 mpaka Machu Picchu, ule mji wa kale wa Wainka. Kibali kimeshatoka, tarehe haisogei, na Desemba kule mvua zimeshaanza. Kinachoninyima usingizi ni siku ya pili, ile ya kupanda Warmiwañusca, upenyo wa kuvukia mlima, mita 4,215. Mvua ikishinda inanyesha, nivae nini? Koti la bei mbaya au poncho ya nailoni ya sokoni Cusco? Naomba majibu ya waliopita, siyo waliosoma.

MzeeWaMarangu
Peru sijafika, nifukuzeni. Ila mizigo ya watu Kilimanjaro nimebeba miaka mingi, na mvua ni ile ile. Koti, mwanangu. Koti lina mikono. Poncho ni shuka lenye tundu.

DadaWaDallas
Shikamoo mzee. Mimi nimepita, Januari, na nilikuwa na vyote viwili, kwa hiyo naomba nitoe ushahidi.

Asubuhi tunapanda, mvua ya rasharasha isiyokatika, poncho ilinifaa kuliko koti. Inafunika mwili na begi kwa pamoja, na hewa inapita chini. Mwenzangu mwenye koti zuri kabisa alikuwa ameloa chapachapa kwa jasho lake mwenyewe kabla hatujafika nusu ya mlima. Kufika juu kwenye upenyo, upepo. Poncho ikapanda ikanifunika uso, nimesimama pale kama kuku aliyefunikwa tenga. Nikaivua, nikavaa koti.

Halafu kuteremka. Kutoka pale mpaka kambi ya Pacaymayo unashuka kama mita 600, karibu zote ngazi za mawe. Ukiwa na poncho huoni miguu yako! Mwongozaji wetu alipiga marufuku poncho kwenye mteremko, na alikuwa sahihi, maana niliyemtangulia aliibakiza na akakaa kitako mara mbili.

Kwa hiyo jibu langu: poncho kupanda, koti kushuka. Fimbo za kutembelea ziwe na vifuniko vya mpira chini, bila hivyo hawakuruhusu, wanalinda mawe.

Akala_Nanyuki
Wapagazi wa huko nimewaona kwenye picha wamevaa akala! Zile za tairi kabisa. Na plastiki ya buluu imefungwa shingoni. Sisi na mabuti ya dola 200 tunateleza.

MzeeWaMarangu
Zinaitwa katambuga, kijana.

Akala_Nanyuki
Nanyuki ni akala, mzee wangu 😂

DadaWaDallas
Wao wanaziita ojotas, muishie hapo. Ni kweli wanazivaa, na walitupita wakikimbia.

Kasese_Boy
Ruwenzori sisi tunavaa gambuti, matope yanafika magotini. Kwa nini asivae gambuti?

DadaWaDallas
Ruwenzori ni tope, ndugu yangu. Kule ni ngazi za mawe, gambuti itamla visigino siku ya kwanza tu.

Msafiri_Muscat
Kwa ambaye hajakata kibali bado: Salkantay, njia nyingine ya kwenda Machu Picchu, haina foleni ya vibali kama njia ya Inka, ambako ni watu 500 kwa siku pamoja na wapagazi. Lakini msimu wa mvua mimi singeichagua. Upenyo wake unapita mita 4,600, mvua huko juu inaweza kugeuka theluji, na mabonde ya chini yana maporomoko ya udongo. Februari 2020 tope liliteremka kutoka mlima Salkantay na kuua watu. Njia ya Inka Februari wanaifunga kabisa kwa matengenezo, na mie naona hiyo ni hekima. Kuna pia ile fupi ya kuanzia kilomita 104 ya reli, siku moja ya kutembea, unapita magofu ya Wiñay Wayna. Ukilowa, unalowa siku moja.

TundaPori
Kibali nimeshalipia kaka, hiyo fupi ni ya maisha yajayo. Vipi usiku? Nguo zinakaukaje?

DadaWaDallas
Hazikauki. Hilo ndilo nililotaka kukuambia hasa. Tenga seti moja kavu: suruali, fulana ya sufu, soksi. Ifunge ndani ya mfuko usiopitisha maji, na ni ya hemani tu. Asubuhi unaivua, unairudisha mfukoni, unavaa zile za jana zilizolowa. Dakika tano mbaya kuliko zote za safari. Ukilainika ukaondoka na kavu, jioni huna kitu. Mimi soksi mbichi nilizilaza tumboni ndani ya mfuko wa kulalia, na chupa ya maji ya moto miguuni. Viatu weka magazeti ndani. Hema letu lilivuja pembeni (kampuni siitaji), lakini ile seti ilibaki kavu.

Pasipoti nayo ifunge vizuri. Wanaikagua getini, jina na namba vilingane na kibali.

Msafiri_Muscat
Niongeze kitu ambacho wa kiangazi hawakioni. Mvua ikinyesha, magofu yanafanya kazi. Phuyupatamarca, magofu ya njiani, maana yake mji ulio juu ya mawingu, nilikuta maji yanashuka kwenye vile visima vya kuogea, kimoja kinamwagia kingine. Machu Picchu kwenyewe kuta zina matundu zaidi ya 100 ya kutolea maji, na chini ya uwanja wamepanga tabaka la vipande vya mawe ili maji yazame. Nilisimama mvuani karibu saa nzima natafuta dimbwi. Mtaani kwetu mvua ya nusu saa barabara inakuwa mto.

MzeeWaMarangu
Pale Inti Punku je, mlango wa jua unaotazama Machu Picchu, mliona kitu?

Msafiri_Muscat
Ukungu mtupu, mzee. Tulipiga picha ya ukungu. Mji ulifunguka saa nne hivi, tukiwa tumeshashuka ndani.

TundaPori
Basi nabeba vyote viwili. Mzee, koti lako limeshinda nusu.

MzeeWaMarangu
Nusu ya kushuka. Ndiyo inayovunja watu miguu.