Caerlaverock na mama mkwe: tuzunguke vipi bila kuzama topeni?

Mkwe_Mtiifu
Wakuu, salaam. Mama mkwe yuko kwetu hapa Uskoti mpaka mwisho wa Novemba. Ameona picha ya ngome ya Caerlaverock, kusini ya Dumfries, ile ya pembe tatu yenye handaki la maji pande zote. Tangu hapo kila jioni ni "baba, tunaenda lini?" Ndege pia anawapenda, na pale kuna hifadhi ya ardhi oevu. Tatizo magoti yake si mazima, na mtoto wetu bado ni wa kigari. Mwaka jana, kwenye hifadhi nyingine, niliacha kiatu topeni mke wangu akishuhudia. Mbele ya mama yake sitaki. Vyote viwili vinawezekana kwa siku moja? Na gambuti ni lazima?

MamaWawili
Vinawezekana, ila anza na ngome. Mzungushe mama nje ya handaki taratibu, kwa mwendo wake. Mbele ataona minara miwili ya lango imesimama kama ilijengwa juzi. Akifika upande wa kusini atakuta ukuta haupo: ndio ulivyoachwa baada ya kuzingirwa wiki 13 mwaka 1640. Ndani usimpitishe haraka kwenye jengo la makazi la miaka ya 1630. Juu ya madirisha kuna michoro ya mawe, mimi ilinishika mpaka watoto wakaanza kulia njaa.

Nyuma kuna njia ya msituni inayofika kwenye mabaki ya ngome ya kwanza, kama mita 200 hivi. Ile walikaa miaka kama hamsini tu, ardhi ikawashinda kwa maji, wakajenga hii ya sasa. Kanyaga pale baada ya mvua utawaelewa. Kigari usikipeleke huko.

Bamvua
Gambuti ndiyo, bila mjadala.

Sasa nisikilize kwa makini. Mimi mtoto wa Pwani, nilidhani maji kujaa na kupwa nayajua. Solway, hori la bahari lililo hapo karibu na ngome, ni habari nyingine. Yakipwa huyaoni kabisa, ni tope linalong'aa mpaka macho yanachoka. Yakirudi hayaji kama mawimbi unayoyaona kwa mbele, yanapenya kwenye vifereji vilivyo nyuma yako. Unageuka, umeshakuwa kisiwani. Zile nyasi za ukingoni wenyeji wanaziita *merse*, na siku za bamvua hata zenyewe hufunikwa. Mwezi mpevu au mwandamo, mama asishuke huko hata kwa picha moja. Angalia jedwali la maji kabla hujawasha gari.

Mpita_Njia
Mimi ningeruka ngome. Ni mawe tu, na tiketi yake inalipiwa kando na ya hifadhi ya ndege. Okoa hela.

MamaWawili
Mawe tu? Mwaka 1300 Edward I, mfalme wa Uingereza, alikuja na jeshi lake lote. Ngome iliposalimu amri na watu kutoka, wakahesabiwa: kama 60! Mkuu, nenda na mama, usimsikilize huyu.

Jirani_wa_Ndege
Kwa ndege nendeni Eastpark, hifadhi ya WWT (shirika la Uingereza la kulinda ndege na ardhi oevu), mashariki ya ngome. Nendeni kwa gari, kwa magoti ya mama si mwendo wa kutembea. Kuna vibanda vya kuangalizia, anakaa kwenye benchi na darubini yake, hana haja ya kugusa tope.

Mtakaowaona hasa ni mabata bukini wenye nyuso nyeupe, wanaotoka Svalbard kule kaskazini kabisa. Wanaanza kufika mwishoni mwa Septemba. Miaka ya 1940 walikuwa hawafiki 500, leo ni makumi ya maelfu, ingawa mafua ya ndege ya msimu wa 2021/22 yaliwaua kwa maelfu. Utawasikia kabla ya kuwaona: wanabweka, kweli wanabweka, kama vijibwa vilivyofungiwa uani. Kundi likiruka kwa pamoja watu wote kibandani wananyamaza.

Muda ndio adui yako. Mwisho wa Novemba jua linazama kabla ya saa kumi jioni. Ngome asubuhi, ndege mchana, na uhakikishe saa za kufunga za pande zote mbili.

Bamvua
Na usiwakaribie wakiwa wanakula kwenye *merse*. Wakishtuka wanaruka wote, shibe yao inaishia hewani.

Mkwe_Mtiifu
Nawashukuru sana. Nimemsomea mama uzi wote. Ngome asubuhi kakubali, kibanda kakubali, gambuti ameshajaribu zangu. Amegoma kitu kimoja tu: kigari kisiachwe. Anasema msituni atakisukuma yeye mwenyewe, maana ndiyo mkongojo wake, na mtoto nimbebe mimi.

MamaWawili
Basi jiandae kubeba vyote viwili.